Siku Ng'ombe Walipopita Juu ya Jeki

Nyinyi vijana mnaosomea ujenzi huwa mnapita hapa kwangu Kitengela mkitoka chuoni, mnakunywa chai yangu, halafu mnauliza swali lile lile: ilikuwaje mama wa umri wangu akafanya kazi ya madaraja? Mara nyingi nimewajibu kwa mkato, sufuria ikiwa motoni. Leo sufuria iko chini. Kaeni.

Mimi sikutaka madaraja. Nilitaka cherehani. Tulihamia hapa kutoka upande wa Machakos mwanzoni mwa miaka ya tisini, mume wangu alipopata kazi kiwandani Athi River. Kitengela ya wakati huo ilikuwa maduka machache, upepo na vumbi, na pundamilia walipita nyuma ya nyumba kama majirani wasiosalimia. Nikaanza kuuza uji na chapati kwa watu waliokuwa wakitengeneza daraja dogo nje ya mji. Nyapara wao alikuwa Mzee Kioko, Mkamba mwenzangu, mrefu, mpole, mtu ambaye hakupenda kelele ila ya nyundo.

Asubuhi moja yule wa kumwagia zege maji hakufika kazini. Mzee Kioko akaja pale nilipokuwa na ndoo yangu ya uji.

"Mwaitu," akaniambia, kwa lile jina la heshima la Kikamba, "uko na shamba nyumbani?"

"Niko na sukuma wiki kidogo."

"Basi mwagia hii zege kama unavyomwagia sukuma. Asubuhi, mchana, jioni. Ikikauka haraka inapasuka."

Nikamwaga. Nilipoona jua limekuwa kali nikaomba magunia ya sisali, nikayalowesha na kuyatandika juu, kama tunavyofunika miche. Mzee Kioko alikuja akayainua magunia moja moja, akatia kiganja chini yake kuona kama kuna baridi, akayarudisha. Wiki iliyofuata nilipewa ovaroli ya mwanamume, miguu yake nikaikunja mpaka magotini, na dada yangu akachukua biashara ya uji. Cherehani sikununua mpaka nilipostaafu, na hata sasa sijui kushona mfuko ukae sawa.

Alinifundisha mambo mengi yule mzee, na mengi mtayapata kwenye vitabu vyenu. Moja huenda msilipate. Alikuwa akipita chini ya daraja na nyundo ndogo, akigonga zege huku ameinamisha kichwa. Zege zima hutoa mlio mkavu, wa juu. Lililoachana na vyuma ndani hulia kama debe. Alinifanya nigonge nikiwa nimefumba macho, na nikikosea ananirudisha mwanzo wa ukuta. Siku hizi nasikia mnapitisha mashine inayoona vyuma ndani ya zege, na mnarusha ndege ndogo zenye kamera kukagua mahali ambapo sisi tulikuwa tunafungwa kamba kiunoni. Hayo ni mazuri sana. Sioni haya kusema ningefurahi kuwa na hiyo ndege zile siku za kamba. Lakini bebeni nyundo pia. Haihitaji betri.

Sasa niwaeleze kuhusu raba, maana hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Watu wengi wanadhani daraja limegandishwa juu ya nguzo. Halijagandishwa. Jua likiwaka, boriti za daraja zinarefuka kidogo. Baridi ikija zinafupika. Lori zito likipita zinapinda kidogo. Kwa hiyo kati ya boriti na kichwa cha nguzo lazima kuwe na kitu kinachokubali kusogea. Zamani waliweka mabamba ya chuma yanayoteleza. Yakishapata kutu hayatelezi tena, na daraja linaanza kusukuma nguzo zake lenyewe mpaka zinapasuka. Siku hizi tunaweka raba nzito zenye mabamba membamba ya chuma ndani yake, kama sandwichi. Kuondoa yale mabamba ya zamani na kuweka raba, lazima uinue daraja zima. Siyo sana. Kiasi cha kupitisha kidole. Lakini linainuliwa lote pamoja.

Miaka ya tisini tuliinua kwa jeki za kuzungusha kwa mkono. Kila jeki na mtu wake na chuma chake, na Mzee Kioko amesimama katikati na filimbi. Akipiga, kila mtu azungushe nusu duara na asimame. Mnaweza kufikiria shida yake. Mmoja ana nguvu, mwingine amelala vibaya, wa tatu ni Jumatatu na jana ilikuwa Jumapili. Tukiwa kwenye barabara fulani ya mashambani, upande mmoja ukatangulia mwingine na boriti ikapasuka. Ilitoa mlio mkali na mfupi. Hakuna aliyeumia. Mzee Kioko alivua kofia akaishika kifuani kama mtu aliye makaburini. Tangu siku hiyo, kila tulipokuwa na kazi ya kuinua, alikuwa hali chakula cha mchana.

Ndipo miaka ya elfu mbili ilipoanza tukaletewa jeki za mafuta, na pamoja nazo Injinia Achieng.

Alikuwa msichana mdogo kwa umri, mwembamba, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alipofika, Mzee Kioko alimpa mkono na kumwita "Injinia" bila utani, nasi wengine tukaelewa. Jeki zake ziliunganishwa kwa mipira ya kupitishia mafuta kwenye pampu moja, kwa hiyo mtu mmoja akipiga pampu, zote zinapanda pamoja. Huyo mtu wa pampu nilikuwa mimi. Injinia alisema anataka mtu asiye na haraka, na Mzee Kioko akanisukuma mbele.

Kwenye kila jeki kulikuwa na pete nene ya chuma, yenye meno ya skrubu. Ukishainua, unaizungusha pete mpaka ikae imara, na hapo daraja linakaa juu ya chuma, haliko juu ya mafuta tena. Mpira ukipasuka, hakuna kinachoanguka. Injinia alitaka pete zifungwe baada ya kila hatua ya kuinua. Mzee Kioko aliziona usumbufu. Yeye aliamini vipande vya mbao ngumu, alivyovipanga kwa mkono wake.

"Mbao naijua," akasema. "Hii pete sijakaa nayo."

"Mzee, tufanye zote mbili," Injinia akajibu. "Mbao yako na pete yangu."

Wakakubaliana hivyo, na sijawahi kuona mapatano mazuri kuliko hayo kazini.

Mafundisho kidogo kabla sijaendelea. Mafuta ya jeki yakipigwa na jua la mchana yanavimba, na sindano ya kipimo cha pampu itapanda bila wewe kugusa chochote. Msitishike. Funikeni mipira kwa magunia. Na ukiona mpira unavuja kwenye kijitundu kidogo, usiweke kidole kuziba. Yale mafuta yanatoka kwa nguvu ya kuingia kwenye nyama. Nilimwona mtu akikaribia kufanya hivyo, na Injinia alimpiga mkono kama mama anavyompiga mtoto anayetaka kushika kaa la moto.

Daraja lenyewe lilikuwa kwenye barabara ndogo inayokatiza mto wa msimu, ukitoka Kajiado kuelekea upande wa Bisil. Mto wa msimu mnaujua: mchanga mtupu miezi mingi, halafu siku moja maji yanakuja bila kubisha. Tulipofika tukakuta nyuki wamejenga kwenye kichwa cha nguzo ya kati, pale pale tulipotakiwa kuweka jeki. Mzee Kioko, ambaye nyumbani kwao wanafuga nyuki, aliwafukiza moshi polepole, akawahamisha kwenye mzinga aliouchonga mwenyewe kutoka gogo, na kwa wiki nzima alikuwa akienda kuwaangalia kabla hajaangalia jeki. Injinia aliomba asali. Akaambiwa nyuki waliohamishwa juzi hawaombwi kitu.

Kwa kuwa daraja lilifungwa, tulitengeneza njia ya kando inayoshuka kwenye mchanga wa mto na kupanda ng'ambo. Magari yalipita huko, na mifugo pia. Na hapo ndipo nilipomfahamu Mama Simaloi.

Alikuwa mama wa Kimaasai wa rika langu, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye kila wiki alipeleka wanyama sokoni Bisil na wachungaji wake. Siku ya kwanza nilimsalimu, "Takwenya," akaitikia, "Iko," halafu akaniangalia ovaroli kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye umefunga barabara yangu?"

"Mimi ni wa pampu tu, yieyo," nikamwambia. Hilo ni neno lao la kumwita mama.

"Pampu ya nini, na hakuna maji?"

Tukacheka. Kuanzia hapo akipita anasimama kidogo, ananiuliza daraja limepanda kiasi gani, nami namwonyesha kidole, naye anasema kazi yetu ni ya watu wenye subira kuliko wafugaji.

Injinia hakuuamini ule mto. Alienda mpaka mbali juu, kwenye vilima ambako mto unaanzia, akamtafuta mtu wa huko aitwaye Lekishon, mtu mzima mwenye familia yake, akampa simu ya mkononi. Kazi yake ilikuwa kuangalia mto. Simu za mkononi zilikuwa ngeni bado upande ule, na netiweki ilishika mahali pamoja tu: juu ya kichuguu kikubwa karibu na boma lake. Kwa hiyo Lekishon akawa mtu wa kukaa juu ya kichuguu. Upande wetu netiweki ilishika kwenye tawi moja la mgunga kando ya pampu yangu, tukaitundika simu pale ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia ili jua lisiipige.

Tulicheka sana juu ya huo mkebe. Mtu akichelewa kazini tunamwambia angemtuma Lekishon aangalie kama anakuja. Mzee Kioko peke yake hakucheka. Alikuwa akiuangalia ule mkebe kila anaposhuka chini ya daraja.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Mbingu bluu, upepo kidogo, na mbali sana juu ya vilima wingu moja la kijivu lililokuwa limekaa tu. Baada ya chakula cha mchana, ambacho Mzee Kioko hakukila, tuliendelea kuinua kwenye nguzo ya kati. Nilipiga pampu polepole, Injinia akisoma vipimo kando yangu, Mzee Kioko na wenzake wakiwa juu ya jukwaa la vyuma lililosimama kwenye mchanga, wakitazama boriti. Mabamba ya zamani yalikuwa tayari yametolewa. Daraja lilikuwa juu ya mafuta. Pete zilikuwa bado.

Simu ikalia kwenye mkebe.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikaitoa.

"Mama," sauti ya Lekishon ikasema, "maji imekuja. Nyekundu. Imebeba mti mzima."

"Iko wapi?"

"Hapa imeshapita. Mimi nilikuwa naenda kwa ile kichuguu ndiyo nipige. Iko njiani kwenu."

Nilimwambia Injinia. Alikaza uso kidogo tu, kisha akainama ukingoni na kuita kwa sauti ya kawaida, ile ambayo watu hutii haraka kuliko kelele. "Wote mtoke chini. Maji yanakuja."

Wenzetu wakashuka jukwaani na kukimbilia ukingo. Mzee Kioko hakushuka.

"Mzee, toka," Injinia akasema.

"Pete, Injinia. Nikiliacha hivi, mti ukigonga mpira mmoja, litalala upande. Wewe ndiye ulisema."

"Nilisema pete, sikusema ufe."

"Sifi. Nazungusha."

Na akaendelea kuzungusha, kwanza hii, kisha ile, kwa mwendo ule ule wa siku zote. Injinia alinigeukia. Nakumbuka mkono wake ulikuwa umeshika ovaroli yangu begani. "Mwikali, kuna watu kwenye njia ya kando. Kimbia."

Nikakimbia. Mama Simaloi alikuwa katikati ya mchanga na kundi lake, wachungaji wawili mbele na wengine nyuma, ng'ombe wakitembea polepole kwa sababu mchanga ulikuwa na joto. Nilimwambia maji yanakuja. Akaangalia mbingu, akaangalia mto juu, mkavu, mweupe.

"Nimezaliwa hapa," akaniambia. "Mto hauji na jua kama hii."

"Yieyo, tumepigiwa simu."

"Simu inajua mto?"

"Ni Lekishon amepiga. Ameona kwa macho. Imebeba mti mzima."

Uso wake ukabadilika. "Lekishon wa vilima? Lekishon mwenyewe amesema?"

"Mwenyewe."

Hakuuliza lingine. Alipiga mluzi mmoja mrefu, akasema maneno kwa Kimaa, na wachungaji wakaligeuza kundi. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi. Simu haikumwambia chochote mama yule. Mtu aliyemjua ndiye aliyemwambia, na simu ilikuwa njia tu. Ndiyo maana nawaambia nyinyi, mkiweka vifaa vyenu vya kuonya kwenye madaraja, muwe na jina la mtu ambalo wenyeji wanaliamini.

Tulipanda ukingo, mimi nikimsukuma ndama mmoja kwa magoti. Ng'ombe waliotangulia, walipofika juu, wakaona barabara waliyoizoea maisha yao yote. Tulikuwa tumeifunga kwa mapipa na matawi ya miiba. Na wakati huo huo tukausikia mto. Sauti yake haikuwa kama ya maji. Ilikuwa kama malori mengi yakishusha mawe. Ng'ombe waliisikia kabla yetu. Wakayaangusha mapipa, wakapita kwenye miiba kama haipo, na kundi likaanza kuingia darajani.

Injinia Achieng alikuwa amesimama kando ya kizuizi na mikono imenyooshwa. Nilimvuta pembeni kwa ukosi. Wangepita juu yake.

"Mzee," akaita kuelekea chini, na hapo ndipo sauti yake ilipopasuka, "ng'ombe wako juu."

Tulisikia chuma kikigonga chuma. Bado alikuwa anafunga.

Nilirudi kwenye pampu kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Sindano ilikuwa inatetemeka. Kwato zilikuwa zikipiga sakafu ya daraja na sindano ikipanda na kushuka, na nilijua kwamba sindano ikicheza, maana yake daraja bado limekaa juu ya mafuta mahali fulani. Niliiangalia huku nikiomba kwa Kikamba, ambacho ndicho ninachoombea nikiwa na hofu. Halafu ikatulia. Ng'ombe walikuwa bado wanapita, wengi, vumbi limefunika kila kitu, na ile sindano imesimama mahali pamoja kama imechorwa pale. Nikajua pete ya mwisho imekaa.

Kisha maji yakafika.

Yalikuja na ule mti mbele. Jukwaa letu la vyuma liliondoka kama kiti kinachovutwa. Maji yalipanda mpaka karibu nusu ya nguzo, mekundu, mazito, na wanyama wa mwisho mkiani mwa kundi, waliokuwa bado kwenye mchanga, si wote waliofika juu. Nilimwona mtamba mmoja mwekundu akigeuka kwenye maji mara moja, halafu sikumwona tena.

Hatukujua kama Mzee Kioko alikuwa kwenye jukwaa. Injinia alilala kifudifudi ukingoni mwa daraja, akatoa kichwa nje, akaita. Mama Simaloi, ambaye alikuwa amevuka na ng'ombe wake, alirudi peke yake kwa miguu juu ya daraja lile lile, akalala kando yake na kuita pia, kwa Kimaa, ingawa mzee hakukijua. Nadhani mtu akiitwa kwa huzuni ya aina ile anaelewa.

Jibu lilitoka chini yao kabisa, kutoka juu ya kichwa cha nguzo, katikati ya jeki.

"Niko hapa. Msiruke huko juu, mnaniangushia vumbi machoni."

Alikuwa amepanda pale jukwaa lilipoanza kuyumba, akajibana kwenye nafasi ya nyuki wake wa zamani, akiwa na spana mkononi. Alikuwa amelala chini ya daraja zima, na kundi zima lilikuwa limempita juu.

Ilibidi abaki pale mpaka maji yapungue, na mito ya aina hii huja haraka na kwenda haraka. Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima wachungaji wa Mama Simaloi walipoingia kwenye maji ya kiunoni wakiwa wamefungana kamba zao za kufungia ng'ombe, wakamshusha kama mtu anavyoshusha mtoto kutoka kitandani. Aliposimama ukingoni, alijifuta vumbi machoni. Tulingoja aseme kitu.

"Ng'ombe wana miguu mingi kuliko nilivyofikiria," akasema, na akaomba chakula chake cha mchana.

Injinia alilia. Alilia akiwa amesimama wima, buti zake kubwa kwenye matope, wala hakujificha. Mzee Kioko alimpa ile spana aishike, kama kumpa kazi ya kufanya. Baadaye, alipokuwa akila, alimwambia, "Hizo pete zako. Sasa nimekaa nazo." Hakuna mbao hata moja iliyokuwa imebanwa vizuri wakati ule, muda haukuwepo. Kilichokuwa kimebeba daraja, na ng'ombe, na kumkinga yeye mwenyewe asikandamizwe, ni zile pete tu. Alilijua hilo kuliko yeyote, na kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yake alikuwa wa kwanza kuzifunga na wa mwisho kuzikagua.

Lekishon tulimfuata siku iliyofuata kumwambia asante. Tulimkuta juu ya kichuguu. Alikuwa amelala nyumbani usiku, akarudi asubuhi kwa sababu hakuna aliyemwambia kazi imekwisha.

Mimi nimefanya kazi nyingine nyingi baada ya hiyo. Nimeona zege linalokauka kwa siku chache badala ya wiki, na rangi zinazozuia kutu ambazo sisi tungezidhani uchawi. Nimeona boriti zikitengenezwa kiwandani na kuletwa kwa lori, zikapangwa kama mtu anavyopanga viti kanisani. Kila jambo jipya lililokuja lilinipa kitu: mgongo wangu mzima, macho yangu mawili, wenzangu wakirudi nyumbani. Sina sababu ya kuyaonea wivu mnayojifunza. Nawaombea myapate na mengine.

Lakini mkiniuliza nilifurahi lini zaidi katika kazi hii, ni siku tulipolifungua lile daraja.

Raba mpya zilikuwa zimewekwa, tumelishusha taratibu, magari yameanza kupita. Mama Simaloi alikuja na ng'ombe kuelekea Bisil. Kabla hajavuka aliniita, akasema anataka kuonyeshwa kile kitu tulichokuwa tukikipigia pampu miezi yote ile. Tukashuka naye ukingoni, mimi, yeye na Mzee Kioko, mpaka pale daraja linapokutana na ukuta wa mwanzo, ambapo unaweza kuinama na kuona raba kwa karibu.

Mzee Kioko alivua kofia kwanza. "Mama, pole kwa yule mtamba mwekundu. Niliambiwa alikuwa wa bintiyo."

"Alikuwa wa Simaloi," akasema. "Mtamba atazaliwa mwingine. Wewe ulikuwa chini ya miguu ya ng'ombe wangu, na mimi sikujua kuna mtu. Pole ni yangu."

Kisha akainama, shanga zake zikining'inia, akaangalia ile raba nyeusi, isiyozidi ukubwa wa kitabu kinene.

"Ni hii?"

"Ni hiyo," nikasema.

"Daraja lote?"

"Hii na wenzake."

Aliweka kiganja chake ubavuni mwa raba. Wakati huo lori la mawe likaingia darajani juu yetu. Aliondoa mkono haraka. Raba ilibonyea kidogo, kiasi ambacho usingekiona kama hukuwa unaangalia, na lori lilipopita ikarudi.

"Imesonga," akasema.

"Lazima isonge, Mama," Mzee Kioko akamwambia. "Yale mabamba ya zamani yalikataa kusonga, ndiyo maana nguzo zilianza kupasuka."

Akaurudisha mkono, akauacha pale mpaka gari jingine likapita. Halafu akainua uso na kuwaita wachungaji wake, washuke mmoja mmoja waje waguse. Walishuka, wakaacha fimbo zao ukingoni. Huko juu ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani na dereva mmoja alikuwa akipiga honi. Injinia Achieng alienda mpaka dirishani kwake, akamwambia azime injini, na akabaki amesimama hapo na ng'ombe mpaka yule mchungaji wa mwisho alipomaliza kugusa.